Mfuko wa layeti Bukavu: kipi cha kulipia, kipi cha kumwachia muuzaji

Ukipita mtaa wa Nyawera hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, au ukipanda hadi soko la Kadutu utaikuta ikining'inia mbele ya maduka ya nguo za watoto: mifuko ya plastiki angavu, zipu ya waridi au ya buluu, na kofia yenye masikio ya sungura imewekwa juu kabisa ili ionekane kwanza. Hiyo ndiyo layeti, vitu vya mama na mtoto vya siku ya kuzaa, iliyofungwa tayari. Bei inatajwa kwa dola; ukitaka kulipa kwa faranga, kiwango anakipanga muuzaji. Mteja wake anajulikana. Mimba imeingia mwezi wa nane, mama mkwe ameshauliza mara mbili vitu viko wapi, na baba wa mtoto anataka kununua mara moja amalize.

Hapa tunaumwaga mfuko huo mezani, kitu kwa kitu, kando ya mfuko mwingine usio na zipu wala sungura: ule ambao vikundi vya akina mama vinavyokutana kwenye vituo vya afya hujikusanyia kwa akiba ya kila wiki. Kipimo chetu ni kimoja: kitu hiki kina kazi gani katika saa 24 za kwanza, wakati damu ya mama, baridi na kitovu cha mtoto ndivyo vinavyoamua mambo? Kwa kipimo hicho mfuko wa dukani umejaa vitu vya siku ile wageni watakapokuja kumwona mtoto. Vya usiku wa kuzaa ni vichache.

Vitambaa na kofia

Shali nene la dukani ni zuri, tuliseme wazi. Bukavu uko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa mvua chumba cha maternite, yaani wodi ya uzazi, kinapoa haraka. Shida ni kwamba shali haliwezi kumkausha mtoto. Anazaliwa amelowa, na unyevu ule ukikauka wenyewe mwilini unaondoka na joto lake. Vinavyotakiwa ni vitambaa viwili vya pamba. Cha kwanza kinamfuta mara tu anapotoka, kichwa, mgongo, makwapa, kisha kinawekwa kando kwa sababu kimelowa. Cha pili, kikavu, kinamfunika akiwa tayari amelazwa uchi kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi, na shali linakuja juu ya wote wawili. Kosa la kila siku ni kumfuta na kumfunika kwa kitambaa kilekile.

Vikundi hutumia vikwembe, yaani vitenge. Yadi 2 zikikatwa katikati zinatoa vipande viwili vya karibu sentimita 90 kwa 115, na hilo linatosha. Lakini kikwembe kipya cha waksi kimetoka kiwandani na ugumu wake, maji yanateleza juu yake kama kwenye jani la mgomba. Kifuliwe mara tatu kwa sabuni na maji ya moto, kikauke juani, kipigwe pasi, kifungwe kwenye mfuko safi kisiguswe tena. Jaribio lake ni rahisi: dondosha tone moja la maji. Likisimama juu kama ushanga, rudia kufua; likizama, kiko tayari. Kikwembe cha zamani kilicholainika kinashinda kipya na hakigharimu kitu, habari ambayo hakuna muuzaji atakayekupa.

Sasa kofia ya sungura. Kichwa cha mtoto aliyetimiza miezi kina mzingo wa sentimita 33 hadi 35 hivi. Kofia nyingi zilizomo kwenye mifuko hii ni za mtoto wa miezi mitatu au zaidi. Akivalishwa wa siku moja inateremka hadi puani. Chukua utepe wa fundi cherehani uipime kabla ya kulipa. Isiwe na kamba ya kufunga shingoni wala vifungo vinavyolegea. Na ziwe mbili, maana ya kwanza italowa kichwani, na kofia iliyolowa inapoza badala ya kupasha. Vile vijiglavu vya mikono ya mtoto ni mapambo tu. Mtoto mchanga hutafuta ziwa kwa harufu na kwa mikono yake, mwacheni nayo.

Beseni linalouzwa pamoja na mfuko halina haraka. Kuogesha kunasubiri saa 24. Kama wazee wa nyumba hawakubali kabisa, angalau saa 6 zipite. Ile nta nyeupe mwilini si uchafu, inamlinda ngozi.

Kitovu: hapa ndipo mfuko wa dukani unapoanguka

Mingi ina chupa ndogo ya alkoli na fungu la pamba. Alkoli haihitajiki kwenye kitovu, na inaweza kukichelewesha kudondoka. Mtoto aliyezaliwa maternite safi, akirudi nyumba ambayo hakuna anayepaka chochote, anatosha kuachiwa kitovu kikavu: hakuna dawa, hakuna bandeji, pampasi inakunjwa chini yake ili mkojo usikifikie. Basi.

Lakini kila mtu anajua kwamba si nyumba zote ziko hivyo. Mtoto anafika, na bibi ana majivu, jirani ana chumvi, mwingine ana dawa ya meno. Hatari ya udongo, majivu na samadi ina jina: pepopunda. Vijidudu vyake vinakaa ardhini na kwenye kinyesi cha wanyama, vinaingia kwa kitovu kibichi, na siku chache baadaye mtoto aliyekuwa ananyonya vizuri anashindwa kufungua mdomo. Chanjo ya mama (sindano mbili walau, ya pili ikiachana na ya kwanza kwa wiki 4 na ikiwa imepita wiki 2 kabla ya kuzaa) inamkinga mtoto, lakini haizuii kitovu kuoza kwa vijidudu vingine.

Ndiyo maana OMS (Shirika la Afya Duniani) inapendekeza klorheksidini diglukonati 7.1% pale ambapo desturi ya kupaka vitu vibaya imezoeleka. Mifuko ya vikundi vilivyojipanga inayo, na kwa kitu hiki kimoja inastahili sifa. Namna ya kuitumia: nawa mikono kwa sabuni, paka jeli kwenye ncha ya kitovu, kwenye kijiti chake chote na kwenye ngozi inayokizunguka, acha ikauke, usifunike. Mara moja kwa siku, kuanzia siku aliyozaliwa, hadi siku 7. Kitovu kilichopakwa kinaweza kuchelewa kidogo kudondoka kuliko kikavu. Akina mama wengi wanaogopa hapo na kurudi kwa majivu, kwa hiyo waambiwe mapema. Kinachopaswa kuogopwa ni wekundu unaotambaa tumboni, usaha, harufu mbaya au homa. Huyo anapelekwa siku hiyohiyo.

Mambo mawili huharibika. La kwanza ni namba. Famasi zina klorheksidini ya kusukutua mdomo na ya kusafishia vidonda, nyepesi mara nyingi zaidi, na muuzaji aliye na haraka atakuambia ni ileile. Siyo. Soma: diglukonati 7.1%, au imeandikwa sawa na klorheksidini 4%. La pili ni zito kuliko yote katika ukurasa huu. Dawa hii huja kwa tyubu ndogo au kichupa, na dawa ya macho huja vilevile. Mwaka 2019 OMS ilitoa onyo baada ya watoto katika nchi kadhaa za Afrika kuwekewa klorheksidini machoni kwa kudhaniwa dawa ya macho, na wapo waliopofuka. Kikundi kinachogawa dawa hii bila kuifungia mbali na vingine kinafanya nusu ya kazi. Ipewe mfuko wake mdogo, na juu yake alama ambayo hata asiyesoma ataielewa: kitovu kimechorwa, na jicho limekatwa msalaba. Ikimwingia jichoni, osha kwa maji mengi safi mara moja na ukimbie hospitali, usingoje asubuhi.

Kuhusu kukata kitovu chenyewe: kibanio cha plastiki kilicho ndani ya bahasha isiyotoboka, na wembe mpya ambao karatasi yake haijafunguliwa. Mkunga akisubiri dakika 1 hadi 3 kabla ya kubana, mtoto anapata damu yake iliyobaki kwenye kondo, jambo la maana kwa madini ya chuma miezi inayofuata. Unaweza kumwomba hilo ukiwa bado kwenye CPN, kliniki ya wajawazito, siyo wakati unasukuma.

Damu ya mama

Kwa mama mwenyewe mfuko wa dukani una pamba ya kukunja, kilo nusu, na pengine kanga ya kujifunga. Pamba hiyo inanyonya, lakini inaacha nyuzi na haihesabiki. Pedi kubwa za uzazi zinahesabika, na kuhesabu ndiko kunakookoa. Zaidi ya pedi 2 au 3 zikilowa kabisa ndani ya dakika 20 hadi 30 baada ya kuzaa, au damu ikizidi badala ya kupungua, mwite mkunga kwa sauti. Ukiwa umesharudi nyumbani, toka uende. Paketi mbili, na vitambaa sita vyeusi au vya rangi nzito vilivyofuliwa kama nyongeza. Tunashauri pia shuka ya plastiki ya kutandika, mita moja na nusu, kwa kuwa godoro la maternite limepitiwa na wengi.

Ukiona ampuli ya oksitosini ndani ya mfuko wowote, iwe wa dukani au wa kikundi, usiilipie. Sindano hiyo, yuniti 10 mara tu mtoto anapotoka, ndiyo kinga kuu ya kutoka damu nyingi, lakini inatakiwa kukaa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Iliyoning'inia wiki mbili juani mbele ya duka inaweza kuwa imepoteza nguvu, na hakuna atakayejua hadi damu igome kusimama. Mahali pake ni friji ya kituo. Unachoweza kufanya wewe ni kuuliza mapema: friji yenu inatumia nini umeme wa shirika la SNEL ukikatika? Kituo chenye paneli ya jua au friji ya gesi kitakujibu bila kusita.

Glavu zitazamwe hivi: bahasha ya karatasi iwe kavu, isiwe na doa la maji lililokauka, tarehe isomeke. Karatasi iliyowahi kulowa si safi tena hata kama haijachanika. Jozi tatu za glavu tasa zinatosha uzazi wa kawaida. Sabuni, chukua kipande cha kawaida kisicho na harufu. Beba na bidoni (dumu) ya lita 20 ya maji, shirika la maji REGIDESO tunaijua.

Chupa, poda, na harufu nzuri

"Ongeza poda, mama, mtoto anukie." Usiongeze. Poda ya talki ikipulizika inaingia mapafuni, na haikaushi chochote ambacho kitambaa hakiwezi kukausha. Mafuta yenye marashi, vivyo hivyo, yasubiri.

Chupa ya kunyonyeshea ndiyo inayotukera zaidi. Inawekwa katikati ya mfuko, pamoja na chuchu ya akiba, kana kwamba ni sehemu ya mtoto. Tangu 1981 kuna Kanuni ya Kimataifa ya uuzaji wa vibadala vya maziwa ya mama, na inahusu chupa na chuchu zake pia, siyo kopo la maziwa peke yake: visitangazwe kwa wazazi. Mfuko unaopanga chupa mbele ya mama kabla hajanyonyesha hata mara moja umeshamwambia kwamba hatoweza.

Tuweke hesabu wazi, kwa kuwa chaguo bila hesabu si chaguo. Mtoto asiyenyonya kabisa anahitaji karibu kilo 20 za maziwa ya unga katika miezi 6 ya kwanza, yaani makopo 40 ya gramu 500. Uliza bei ya kopo moja dukani ulipo, zidisha kwa 40, halafu ongeza makaa, kwa kuwa maji ya kuchanganyia yanachemshwa na kumiminwa yakiwa bado na joto la nyuzi 70 au zaidi ili kuua vijidudu vilivyomo kwenye unga wenyewe, kisha yanapozwa kabla ya kumpa. Mara 8 kwa siku, usiku pia. Familia nyingi zikifika wiki ya tatu zinaanza kuongeza maji ili kopo lidumu, na mtoto anakonda huku chupa imejaa.

Wapo wanaohitaji. Mama amefariki, au daktari amesema kwa sababu inayoeleweka. Hao wapewe kikombe kidogo kilicho wazi, kinachooshwa hadi chini kwa kidole na sabuni. Shingo ya chupa na tundu la chuchu ndipo maziwa yanapogandia na kuharisha kunapoanzia. Kikombe hichohicho, au kijiko, kinamfaa mtoto aliyezaliwa chini ya gramu 2,500 asiyeweza kuvuta: mama anakamua, mtoto analambishwa, na muda mwingi anabebwa wima kifuani, ngozi kwa ngozi, kwa ile njia iliyoanzia Bogotá mwaka 1978. Mama mwenye VVU anayemeza dawa zake kila siku ananyonyesha kama wengine. Wapo bado wanaoambiwa kinyume.

Na yule anayesema siku ya pili "maziwa hayajaja"? Yamekuja. Ni yale ya njano, mazito, machache: mtoto wa siku ya kwanza anatosheka na mililita 5 hadi 7 kwa mnyonyo, kijiko kimoja cha chai. Maji ya sukari yanajaza tumbo hilo na kumwondolea hamu ya kuvuta, na bila kuvutwa ziwa halipati taarifa ya kutengeneza zaidi. Ili kujua kama anapata, hesabu mikojo: mmoja siku ya kwanza, miwili ya pili, na kuanzia siku ya tano sita au zaidi kwa saa 24. Pampasi inaficha hesabu hii, kila kitu kinamezwa humo. Kwa wiki ya kwanza nepi za kitambaa zina faida hiyo. Kama pampasi ni lazima, chukua saizi ya mtoto mchanga, kilo 2 hadi 5, kumi na mbili tu. Mifuko mingi ina saizi kubwa zaidi inayovuja mapajani.

Kikundi chenyewe, kama huduma

Mfuko wa kikundi unapata alama za juu, lakini kikundi tukipime kwa jicho lilelile.

Vingi vinafuata mtindo wa AVEC, vikundi vya akiba na mikopo, ule wa sanduku lenye kufuli tatu na funguo kwa watu watatu tofauti, ulioanzishwa na CARE nchini Niger mwaka 1991. Wanachama ni 15 hadi 25, kila kikao mtu ananunua hisa 1 hadi 5, na pembeni kuna kasha la msaada. Tuseme hisa ni faranga 2,000. Mama anayeingia mimba ikiwa na wiki 16 na kununua hisa 2 kila wiki atakuwa na faranga 80,000 akifika wiki ya 36. Kununua pedi kwa katoni na vikwembe kwa jora kunashusha bei kwa kila mmoja, hilo halina ubishi.

Kasoro yake kubwa ni kalenda. Sanduku linavunjwa mwisho wa mzunguko, miezi 9 hadi 12, na mimba haifuati mzunguko wa mtu. Kikundi kizuri kina kanuni iliyoandikwa kwamba mwenye mimba anatoa vitu vyake wiki ya 32, hata kama hisa hazijatimia, na anakamilisha baadaye kutoka kwa kasha la msaada. Isipoandikwa, mtoto wa miezi saba na nusu atazaliwa wakati vikwembe bado viko kwa mwenyekiti. Kasoro ya pili ni saa: vikao vya Jumanne asubuhi vinawaacha nje wauzaji wote wa sokoni, na akina baba hawaonekani kabisa, wakati wao ndio wanaoulizwa saa nane za usiku moto (pikipiki) ya kwenda hospitali itapatikana wapi. Ya tatu tunaisema kwa upole. Wapo viongozi wanaomwonyesha aliyepasuliwa kama mwanamke aliyeshindwa, na asiyenyonyesha kama mzembe. Hapo kikundi kinapoteza wale wanaokihitaji zaidi.

Kinachouzwa hasa ndani ya mfuko huu, ingawa hakina bei, ni mazungumzo. Kabla ya kujiunga, msimamishe mwanachama wa mwezi mmoja umuulize dalili za kumkimbiza mama mwenye mimba. Atakujibu: damu, kichwa kinachouma sana na macho kuona ukungu, degedege, homa, maji kupasuka, mtoto kupunguza kucheza. Muulize na za mtoto mchanga: hanyonyi, anapumua mara 60 au zaidi kwa dakika, kifua kinabonyea ndani, mwili wa moto au wa baridi, viganja na nyayo za njano. Akitaja nusu, kikundi kinafundisha. Akikuambia tu siku ya kulipa hisa, ni likelemba, yaani upatu, yenye jina zuri.

Vikundi bora vinafanya jambo jingine: vinamfundisha mama kuuliza. Akiambiwa atapasuliwa, maswali ni matatu, na yanaulizwa kwa heshima: daktari, sababu ni nini, tukisubiri saa moja kuna hatari gani, na mimba ijayo itakuwaje. Kuwa na mtu wa kumsindikiza chumba cha uchungu ni pendekezo la OMS, na kunywa maji au uji wakati wa uchungu wa kawaida si kosa. Vinamkumbusha CPN: OMS inapendekeza mara 8 tangu 2016, ya kwanza kabla ya wiki 12. Vinamkumbusha dawa ya kuzuia malaria, vidonge 3 vya SP vinavyomezwa mbele ya muuguzi kuanzia wiki ya 13, kila baada ya mwezi, walau mara tatu. Na kwamba kidonge cha chuma hakimezwi na chai. Watu wawili wenye kundi la damu linalojulikana wakubaliane mapema kuja wakiitwa; hakuna mfuko unaouza hilo.

Kuhusu fakture, yaani ankara ya hospitali. Utoaji wa huduma za uzazi bila malipo ulizinduliwa Kinshasa mwaka 2023 na kupelekwa mikoani hatua kwa hatua, kwa hiyo swali la kuuliza CPN ya kwanza ni moja: kwenu hapa kipi hakilipwi, na kipi kinalipwa? Ukitegemea mutuelle (bima ya afya ya kuchangiana), jiunge kabla ya mimba, kwa kuwa nyingi zina kipindi cha kungoja kabla ya kuanza kulipia. Uliza ni vituo gani vina mkataba nayo, sehemu yako ni asilimia ngapi, na kama hospitali itakupokea bila karatasi ya kutumwa kutoka kituo cha afya. Hiyo karatasi ndiyo huwakwamisha wengi mlangoni.

Hukumu yetu, basi: dukani nunua shali, nepi za kitambaa na kofia mbili ulizopima mwenyewe, kila kimoja peke yake. Vingine vichukue kupitia kikundi, au kwenye famasi inayokubali usome maandishi kabla ya kulipa. Mfuko mzima uliofungwa tayari, mwachie mwenye nao.

Isipokuwa kitu kimoja tunachousifia kwa haki. Ubavuni una kijifuko chenye zipu, kilichoshonwa kwa ajili ya chuchu ya plastiki. Fishi (kadi) ya CPN, kadi ya mutuelle, kundi la damu, na namba ya motari, dereva wa pikipiki, anayekubali kutoka usiku, iliyoandikwa kwa kalamu kwa kuwa simu itazimika, vyote vinaenea humo. Mkitoka maternite, cheti cha kuzaliwa kitie hapohapo hadi kifike ofisi ya etasivili, ya kusajili vizazi, ya komini yenu; mna siku 90.